Risala ya Watu wa Nukta Mkato, Jarida Lililokosa Mdhamini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Mkuu wa chuo cha ufundi uliyetuazima ukumbi huu. Wazazi, ndugu, na wasomaji wetu mliofika: tunatanguliza salamu, kisha tunaomba masikio yenu.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kukuona, wala hatusemi hivyo kwa kujipendekeza. Tumewahi kualika wageni rasmi kabla yako. Mmoja alimtuma msaidizi wake, msaidizi akamtuma dereva, dereva akala, akashukuru, akaondoka. Wewe umekuja kwa miguu yako mwenyewe, na kwa hilo tu tayari umetupa kitu ambacho hatukukizoea.

Kabla hujashangaa, tukueleze habari ya viti. Ofisa itifaki wako alipotupigia simu alisema, "Mjaze ukumbi, mgeni hapendi kuongea na mbao." Tukamweleza kwamba wasomaji wetu hawakai mahali pamoja. Mmoja yuko kwenye chumba cha mitambo cha hospitali, mmoja yuko kinuni, mmoja yuko kwenye kituo cha pampu ambako jirani yake wa karibu ni mbuzi. Wanatusoma kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kila mmoja yuko peke yake. Akajibu, "Hayo ni yenu. Jazeni." Basi safu za nyuma zote ni wanafunzi wa ushonaji wa darasa la jirani, tuliowaazima kwa ahadi ya soda. Tunawashukuru sana. Wasomaji wetu halisi wako mbele, mkono wako wa kushoto. Wanahesabika kwa vidole, na mashati yao yana mafuta kwa sababu wametokea kazini. Tumeona ni heri ujue, kuliko urudi ofisini ukidhani mafundi wa mashine siku hizi wanavaa futi za kupimia nguo shingoni.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, sisi ni kikundi cha watu wanne. Tunatoa jarida liitwalo Nukta Mkato, linalokwenda kwa barua pepe kila Alhamisi asubuhi. Nukta mkato ni ile alama yenye nukta juu na mkato chini, inayofunga kila sentensi ya programu. Ikikosekana moja tu, mashine nzima inagoma, na fundi anaweza kuitafuta siku nzima kama mtu aliyeangusha pini kwenye mchanga.

Jarida letu ni la kitu kimoja tu. Linafundisha kuandika programu za zile kompyuta ndogo zinazokaa ndani ya mashine: mashine ya kutoa namba za foleni, mizani ya sokoni, pampu ya maji, kengele ya friji ya dawa. Watu wengi hawajui kama humo ndani mna kompyuta. Wanajua tu kwamba kifaa kinafanya kazi, na siku kisipofanya kazi wanakipiga kofi. Lugha ya programu hizo ni ya zamani. Waliozitengeneza wamekwenda kutengeneza vitu vipya, wametuachia vitabu vinene vilivyoandikwa kwa lugha ambayo fundi wetu aliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha nayo ikaisha.

Aliyeanzisha ni mhariri wetu. Kwa anayesoma risala hii ni shangazi wa damu, kwa wengine ni shangazi wa heshima, lakini sote tunamwita Shangazi na yeye huitika. Alikuwa fundi wa pampu katika ofisi ya maji. Wanagenzi wake walipopelekwa vituo vya mbali wakaanza kumpigia simu kila mashine inapogoma, naye akachoka kueleza jambo lile lile mara tano. Akaandika barua pepe moja, kwa lugha yetu, akawatumia wote. Wao wakawapelekea wenzao. Wiki iliyofuata watu asiowajua walimwandikia, "Shikamoo Shangazi, ya leo iko wapi?" Hakuwa amepanga kuwa na jarida. Alijikuta analo, kama mtu anavyojikuta na paka.

Ofisi yetu ni sebule yake. Shangazi anaandika kwenye meza ya kulia chakula. Dada Mfasiri, anayesaga yale maneno ya vitabu vinene mpaka yaingie kwenye lugha ya nyumbani, anakaa kwenye kochi lililochoka upande mmoja, kwa hiyo hufanya kazi ameinama kama mtu aliyeko kwenye mashua. Mwenzetu wa tatu tunamwita Bwana Kwanini, na yeyote aliyekaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai anajua sababu. Yeye meza yake ni ubao wa kupigia pasi. Wa nne ni katibu, anayesoma hapa, ambaye hupewa kazi ya kujibu barua na kufunga kila toleo kwa ubeti mmoja wa shairi. Shairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kwa kuhesabu silabi kwa vidole, na anayesema linaonekana hivyo na asimame aseme.

Kuna pia Bibi, mama yake Shangazi, ambaye kiti chake ni cha mlangoni. Siku moja alituuliza, "Hiyo barua mnayoiandika kila wiki, wajukuu zangu, huyo mnayemwandikia hajibu tu?"

Shangazi akamwambia, "Wanajibu, mama. Ni wengi."

"Wengi, na bado mnakaa kwenye ubao wa pasi?"

Swali hilo tunakuachia wewe, Mgeni rasmi.

TULICHOFANYA

Hatutajisifu sana, maana sifa zetu ni ndogo ndogo na hazipigiki picha. Kuna hospitali ambayo kengele ya friji ya chanjo ilikuwa inalia ovyo, wauguzi wakaizima kwa kuchoshwa. Fundi wao, binti mdogo mwenye watoto wawili, akasoma toleo letu kuhusu kengele zinazodanganya. Akaipanga upya mwenyewe. Wiki chache baadaye umeme ulikatika, kengele ikalia, safari hii kwa haki, na chanjo zikaokolewa. Akatuandikia maneno matatu: "Shangazi, imelia kweli." Shangazi alisoma, akavua miwani, akaenda jikoni kufanya kitu ambacho hakikuwa na haraka.

Kuna kinu ambacho mizani yake ilikuwa inawaibia wakulima bila mwenye kinu kujua. Kuna kituo cha pampu ambacho kilikuwa kinasukuma maji kwenye tangi lililokwisha kujaa. Hayo yote yalitengenezwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaalika kwenye ukumbi.

Na mafundi wako pia, Mgeni rasmi. Kampuni yako inauza mashine hizi na kuzihudumia, tena nyingi. Mafundi wako wanatusoma, na wanatuuliza maswali. Tulimuuliza mmoja, "Kwani kazini hamna wa kuwaelekeza?" Akasema, "Ukimuuliza bosi, anakwambia soma kitabu. Kitabu chenyewe nadhani hata aliyekiandika alisinzia katikati." Jina lake hatulitaji, na tunakuomba usilitafute. Tunachosema ni kwamba mashine yenye nembo yako inapoamka baada ya kuzimia, mara nyingine iliyoiamsha ni sebule yetu.

Tunayo desturi moja, nayo ndiyo fahari yetu na ndiyo iliyotumaliza. Hakuna kitu kinachoingia kwenye Nukta Mkato kabla ya Bwana Kwanini kukijaribu kwa mkono wake. Programu aliyoiandika Shangazi, anaijaribu. Iliyotumwa na profesa, anaijaribu. Isipofanya kazi, haiingii, hata mwenyewe alie. Tuliona hiyo ni heshima kwa mtu aliyeko peke yake na mashine iliyogoma. Mtu huyo hana wa kumuuliza, kwa hiyo akidanganywa na sisi, amedanganywa na dunia nzima.

Katibu aliwahi kumwandikia fundi huyo ubeti huu, na wenzake wamekubali usomwe hapa kwa sharti kwamba asisome nyingine kumi na tisa zilizobaki:

*Fundi yuko peke yake, mashine imemgoma,*
*Bosi mgongoni mwake, foleni imesimama,*
*Kitabu si lugha yake, kurasa zamtazama,*
*Nani wa upande wake, kama sisi tutazima?*

UDHAMINI TULIOUPATA NA JINSI ULIVYOTUTOKA

Mgeni rasmi, jarida ni la bure. Fundi wa kituo cha pampu hawezi kulipia, na Shangazi hataki alipie. Kwa hiyo tulitafuta wadhamini: mtu aweke tangazo lake, sisi tupate cha kuendeshea.

Wa kwanza alikuwa muuza betri. Alikuja na tangazo zuri, lenye picha ya betri inayotabasamu, chini yake maneno kwamba betri hiyo hudumu siku nzima. Tulifurahi. Dada Mfasiri alikuwa ameanza kuchagua kochi jipya. Lakini Bwana Kwanini akaichukua ile betri, akaifunga kwenye mashine, akakaa nayo.

"Unafanya nini?" tukamuuliza.

"Najaribu tangazo."

"Ndugu yangu, hilo ni tangazo, siyo programu."

"Kwa nini litofautiane? Msomaji atalisoma kwenye jarida letu au kwenye jarida la mwingine?"

Betri ilikufa kabla ya chakula cha mchana. Tukamwandikia mwenye betri kwa adabu kwamba tutaweka tangazo lake, ila tutabadilisha "siku nzima" iwe "mpaka karibu na chakula cha mchana." Hakutujibu kwa adabu.

Wa pili ilikuwa shule inayoahidi kumfanya mtu yeyote kuwa mwandishi wa programu kwa siku kumi. Bwana Kwanini akajiandikisha. Siku ya kumi na moja programu waliyomfundisha ikakataa kuwaka. Kampuni moja ya simu ilituambia haiwezi kutoa udhamini ila inaweza kutupa fulana. Tulizipokea. Dada Mfasiri anafutia meza.

Mnaweza kutuita wapumbavu. Ndugu zetu wameshatuita. Baba yake Bwana Kwanini alimwambia mbele yetu, "Mwanangu, mwenye njaa haulizi mkate umetoka duka gani." Mwanawe akamuuliza, "Kwa nini asiulize?" Mzee akainuka, akaenda zake.

Mdhamini mmoja tu ndiye aliyeshinda jaribio: seremala wa mtaa wetu. Bwana Kwanini alikwenda kwenye karakana yake, akapanda juu ya meza akaruka, akafungua na kufunga mlango mpaka seremala akakasirika, akalala kwenye kitanda na kugeuka huku na huku. Vyote vilikuwa imara. Seremala anatengeneza pia majeneza. Hayo Bwana Kwanini hakuyajaribu. Alisema kwa mara ya kwanza maishani mwake ataamini tu.

Tukaweka tangazo la seremala chini ya ukurasa. Baada ya wiki kadhaa akaja, vumbi la mbao masikioni. "Nyie watoto, nani anasoma chini ya ukurasa? Mimi mwenyewe gazeti nasoma michezo tu. Wekeni jina langu pale wanapoangalia."

Wasomaji wetu huangalia mahali pamoja tu, kwenye mfano wa programu, kwa sababu ndio wanaounakili kuupeleka kwenye mashine. Na sisi tuna mazoea kwamba mifano yetu lazima iwe na maneno yaliyo hai. Shangazi anasema mfano usio na uhai unamlaza msomaji. Wiki hiyo somo lilikuwa jinsi ya kupitisha maandishi marefu kwenye kioo cha mashine ya foleni. Tukaona hapa tumepata. Maandishi ya mfano tukayafanya kuwa tangazo la seremala. Bwana Kwanini akajaribu, ikafanya kazi vizuri kabisa, maneno yakapita kwenye kioo yakimeremeta. Tukapiga makofi, tukatuma.

Tulipima kila kitu siku ile, Mgeni rasmi, isipokuwa uchovu wa mtu mwingine.

Fundi wa zahanati moja alinakili mfano wetu wote kama ulivyo, akauweka kwenye mashine, akaona inafanya kazi, akasema maneno nitayabadilisha nikitoka kula. Basi mchana ule wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi walisoma hivi: *Namba thelathini na mbili, chumba cha daktari. Vitanda, milango na majeneza. Imara, bei ya maelewano. Karibu sana.*

Mwenye namba thelathini na mbili alikuwa mzee wa watu. Alikataa kuinuka. Muuguzi akambembeleza, "Baba, ingia, zamu yako imefika." Mzee akashika benchi kwa mikono miwili: "Zamu gani? Mimi nimekuja na kikohozi tu!" Mama mmoja akambeba mtoto wake akatoka bila dawa. Mwingine akamfuata. Fundi aliporudi, zahanati ilikuwa nusu tupu na daktari amesimama chini ya kioo akisoma, mdomo wazi.

Tunajua mnacheka. Chekeni, na sisi tulicheka, baadaye, kidogo. Lakini yule mama aliyeondoka na mtoto bila dawa hatukuweza kumcheka. Fundi akahamishiwa stoo ya mabomba. Tulimwomba radhi yeye, zahanati, na wasomaji wote, kwenye mstari wa kwanza wa toleo lililofuata. Tangu siku hiyo mifano yetu yote ina kufuli: programu inakataa kuwaka mpaka msomaji aandike maneno yake mwenyewe. Fundi yule bado anatusoma, huko stoo. Aliandika, "Kufuli ni zuri. Lingekuja wiki moja mapema."

Na seremala? Alisimama mlangoni mwa Shangazi, hakutaka hata kuketi. "Mtaa mzima unasema nimefanya mkataba na daktari. Jana nimepita, watu wananikwepa, wanahamia upande wa pili wa barabara. Niliomba wateja, jamani, sikuomba waombolezaji!" Akaliondoa tangazo lake. Alikuwa mdhamini wetu pekee.

HALI ILIVYO SASA

Mgeni rasmi, habari ile ilisafiri haraka kuliko toleo letu lolote. Sasa tukiingia kwenye ofisi ya mtu tukasema sisi ni Nukta Mkato, anakunja uso akifikiri, kisha uso unafunguka: "Aaa, nyie ndio wa majeneza!" Ofisa wa masoko wa benki moja alicheka mpaka akatoa leso. Akaita wenzake, nao wakacheka. Tukacheka nao, maana tulikuwa tumekuja kuomba. Alipomaliza akafuta macho akasema, "Mmenifurahisha kweli vijana. Tutawasiliana."

Neno hilo ndilo ugonjwa wetu. Tumekwenda kwa wauza kompyuta, kwa chuo, kwa wakala wa bima, kwa kiwanda cha nyaya. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Wote ni watu wazuri. Wanatukaribisha, wanatupa maji ya kunywa, wanauliza wasomaji ni wangapi. Tukisema ni elfu moja na kidogo wanasema, "Oh." Wanauliza kwa nini tusiandike kwa lugha ya kigeni ili tupate wasomaji wengi. Tunawajibu kwamba wanaoijua lugha hiyo wanaye wa kuwasaidia, hawa wetu hawana. Wanatikisa vichwa kwa huruma. Kisha wanasema tutawasiliana.

Kwenye kampuni yako pia tulifika, Mgeni rasmi. Tulipokewa na idara ya mauzo. Kijana mmoja mwenye tai alituambia, "Hadhira yenu ni finyu." Ni kweli. Hadhira yetu ni watu elfu moja, na kila mmoja wao ana funguo za chumba cha mitambo. Kijana yule hakuyaona hayo, naye akatuambia tutawasiliana. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Mvua zimekuja, zimekwisha.

Sasa tunafika mahali pagumu, na hapa hatukumwomba Shangazi ruhusa. Amekaa safu ya mbele, amevaa kitambaa cha bluu. Tunajua sasa hivi anatukazia macho. Shangazi, tusamehe, na usinyanyuke.

Ofisi ya maji ya mji mwingine inamtaka Shangazi aende kuongoza karakana yao. Ni kazi nzuri, ya heshima, yenye bima ya matibabu kwake na kwa Bibi. Wamempa sharti kwamba akishaajiriwa hataandika popote pengine. Tangu mwaka jana wanamngoja. Mara tatu amewaomba wasubiri, na mara zote tatu sababu ilikuwa moja: kuna mtu alikuwa amesema tutawasiliana. Anasema, "Hawa hawajakataa. Nikiondoka leo na kesho wakakubali, wale watoto nitawaambia nini?" Watoto anaowasema ni nyie mlioko mbele, na wenzenu mlioacha vituoni.

Safari hii ofisi ya maji imesema mwisho wa mwezi, na baada ya hapo kazi atapewa mtu mwingine. Akipatikana mdhamini, Shangazi atabaki na jarida litabaki. Asipopatikana, la Alhamisi ijayo ndilo toleo la mwisho. Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayotutisha: asipatikane mdhamini, wala asipatikane wa kutukatalia, na Shangazi aendelee kungoja mpaka akose vyote viwili. Kochi lile linazidi kulala upande mmoja. Mchumba wa Dada Mfasiri amemuuliza mpaka lini. Bwana Kwanini ameacha kuuliza maswali, na hilo, kwa wanaomjua, ni dalili ya mtu mgonjwa. Hata katibu, ambaye watu humwambia ana kichwa kinachochemka mashairi, wiki iliyopita alikaa mbele ya karatasi akashindwa kupata kina kimoja.

Hatuna tumaini kubwa, Mgeni rasmi. Tungekudanganya tukisema tunalo. Tulilitumia kidogo kidogo kwenye vyumba vya mapokezi.

MAOMBI

Ofisa itifaki wako alitupigia simu tena jana. Alisema, "Kijana, sehemu ya maombi isiguse pesa. Mgeni hapendi kushtukizwa. Ombeni ushauri, ombeni baraka."

Katibu akauliza, "Na udhamini?"

"Udhamini ni pesa iliyovaa tai."

"Sasa tumwalike kwa nini?"

"Kwa picha," akasema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatupenda, alitaka siku yetu iishe vizuri.

Tumemtii. Hatuombi pesa. Umeshasikia sisi ni nani, tunafanya nini na nani anatutegemea, wakiwemo watu unaowalipa mshahara. Mwenye kuelewa ameelewa.

Ombi letu ni moja. Ni dogo, na halijawahi kutolewa kwetu na ofisi yoyote. Katibu ameliweka hivi, na huu ndio ubeti wa mwisho, tunaahidi:

*Tumebisha milangoni, tukaambiwa subiri,*
*Tumekaa barazani, hatukupewa habari,*
*Tumerejea nyumbani, kalamu bado hodari,*
*Kama jibu li kinywani, litoke, tuko tayari.*

Mgeni rasmi, tunaomba jibu. Tunaliomba leo, ukisimama hapa, kabla ya picha. Kama kampuni yako itasimama na jarida hili, sema itasimama. Kama haitasimama, tunakuomba kwa heshima zote useme haitasimama. Usituambie mtatafakari. Usituambie tulete andiko, maana andiko liko kwenye meza ya kijana mwenye tai. Usituhurumie. Kipaza sauti ni kizima, Bwana Kwanini amekijaribu. Sema hapana kwa sauti ambayo Shangazi ataisikia kwa masikio yake mwenyewe, kwa sababu akiisikia kutoka kwetu ataona tumekata tamaa mapema, na ataendelea kungoja. Akiisikia kutoka kwako atakwenda nyumbani, atamwambia Bibi afungashe, na Jumatatu atapanda basi akiwa fundi mwenye kazi.

Tumezungumza sisi watatu, tumekubaliana. Jibu lolote utakalotoa, tutalipigia makofi, na tutayapiga kwa moyo. Anayesoma hapa atayapiga kwa nguvu kuliko wote.

Tunakutakia afya njema, watoto wanaosikia, mashine zisizogoma, na ulimi mwepesi kwa dakika hizi chache zijazo. Mungu akuweke, akuongoze urudi salama, na atusaidie sisi kukubali tutakachosikia.

Ahsante kwa kutusikiliza. Karibu kwenye kipaza sauti.

Ni sisi,
Wanakikundi wa jarida la Nukta Mkato.